Ruzuku ya reli: Masasi yalipa, treni iko Dodoma

MFANYABIASHARA wa Masasi anayeagiza vipuri vya pikipiki kutoka nje amekuwa akichangia reli tangu mwaka 2015, ingawa treni ya mwisho ilipita wilayani kwake zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mwaka huo Serikali ilianzisha ushuru wa maendeleo ya reli, ambao ulianza kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kwa matumizi ya nchini. Ushuru huo hutozwa bandarini, mwagizaji huuweka kwenye bei yake ya jumla, muuza duka naye huuweka kwenye bei ya rejareja, na mwisho wa safari hulipwa na kijana wa Newala anayebadilisha mnyororo wa pikipiki.

Hakuna siri katika jambo hilo. Kila nchi yenye reli ya abiria hutafuta mahali pa kupata fedha ambazo nauli haizileti. Lakini kwa kuwa habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay zimekuwa zikirudi katika hotuba za bajeti, na kwa kuwa kila zikirudi bei za viwanja kando ya barabara hutajwa kwa sauti ya juu, ni vema wenye mitaji midogo wakaelewa jinsi reli ya umma inavyokula fedha, nani huijazia, na lini mwenye kuijazia huchoka.

Kusini ina sababu ya pekee ya kuuliza maswali hayo. Ilishawahi kupewa reli, na ilishawahi kunyang'anywa.

Mifuko mitatu

Reli ya abiria ina mifuko mitatu ya kutolea fedha. Wa kwanza ni nauli. Wa pili ni mizigo, yaani mfuko ambao faida ya saruji, mafuta au shaba huziba hasara ya behewa la daraja la tatu. Wa tatu ni Hazina.

Mfuko wa kwanza haujazi popote. Nauli ya reli ya umma haipangwi na gharama, hupangwa na uwezo wa abiria pamoja na hofu ya wanasiasa. Hapa nchini mwenye kalamu ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo mwaka 2024 ilipanga nauli za treni ya kisasa, SGR, kuwa Sh 13,000 kwa daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma. Viwango hivyo vilitazama basi linatoza kiasi gani kwenye njia ileile. Havikuanza na swali la nguzo, nyaya na madaraja yaligharimu kiasi gani. Kama vingeanza huko, treni ingeondoka tupu.

Mfuko wa pili ndio uliozilisha reli za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilitoza mizigo kwa thamani yake: bidhaa ya bei kubwa ililipa zaidi, ya bei ndogo ikalipa kidogo, na abiria wa daraja la chini akasafiri kwa mgongo wa zote mbili. Mpango huo ulifanya kazi mradi barabara zilikuwa mbovu. Lori lilipopata njia, lilichukua kwanza ile mizigo yenye kulipa vizuri na kuiachia reli mkaa, mahindi na abiria.

Ndipo unapobaki mfuko wa tatu. Fedha za Hazina huingia kwa milango miwili, mmoja wa wazi na mwingine wa uani. Mlango wa wazi ni fungu la bajeti linaloandikwa kuwa ruzuku. Mlango wa uani ni mpana zaidi: mkopo ambao Serikali hulipa kwa niaba ya shirika, ardhi iliyotolewa bure, kodi iliyosamehewa, matengenezo yaliyoahirishwa mwaka hadi mwaka. Hilo la mwisho ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani popote katika mizania mpaka siku daraja linapokatika.

Takwimu za karibuni zaonyesha ukubwa wa jambo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa mwaka 2025 ilieleza kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilipata hasara ya zaidi ya Sh bilioni 220 katika mwaka wa fedha 2023/24, kutoka zaidi ya Sh bilioni 100 mwaka uliotangulia. Hasara hiyo ilipatikana baada ya kupokea ruzuku ya takriban Sh bilioni 29.

Mwenye duka akisoma hivyo atasema shirika limefilisika. Asiharakishe. Shirika linalokabidhiwa reli mpya ya mabilioni hubeba pia uchakavu wake katika vitabu, hata kama hakuna senti iliyotoka mkononi siku hiyo. Tena mwaka huo wa hesabu ulifungwa Juni 30, 2024, wakati treni ya Morogoro ilikuwa na majuma mawili tu tangu ianze kubeba abiria, na ile ya Dodoma ilikuwa haijaanza. Safari za Dodoma zilianza Julai 25 na uzinduzi rasmi ukafanywa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 1. Gharama zilitangulia, mapato yakafuata. Swali la haki ni hesabu za miaka inayofuata zinasemaje, na je, ruzuku inaandikwa kwa jina lake au inapitia uani.

Reli iliyokuwapo

Reli ya Kusini ilikuja kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea haikuwa na bandari wala reli, hivyo vyote viwili vikajengwa kabla ya kujulikana kama karanga zitaota. Treni zilianza mwaka 1949 kutoka gati la muda la Mkwaya, jirani na Lindi, kupitia bonde la Lukuledi. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 na reli ikaungwa nayo. Baadaye likatolewa tawi hadi Masasi.

Mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliutangaza kuwa umeshindwa na kufuta zaidi ya pauni milioni 36. Kwa hiyo bandari ya Mtwara na sehemu kubwa ya reli vilimalizika vikiwa yatima: mzigo uliokusudiwa ulizikwa miaka mitatu kabla meli ya kwanza haijafunga gatini.

Kilichobaki cha kubeba ni mazao ya wakulima wa kawaida, korosho zikiwamo, bidhaa za maduka, na abiria. Hapo ndipo jiografia ilipoonyesha meno. Reli ilipita bondeni, kaskazini mwa uwanda wa juu wa Makonde. Newala, iliyo juu kwenye ukingo wa uwanda na kutazama Ruvuma, haikuguswa. Mkulima wa Newala au Tandahimba aliyetaka kutumia reli alipaswa kwanza kupakia lori, kuteremsha gunia chini ya mlima, kulishusha stesheni na kulipakia tena behewani. Aliyekwisha kulipakia lori hakuwa na sababu ya kulishusha njiani. Lori lilienda naye mpaka pwani.

Dosari ya pili ilikuwa msimu. Zao lilikuja kwa miezi michache, likaelekea upande mmoja tu, pwani, na mabehewa yakarudi karibu matupu. Miezi iliyosalia wafanyakazi wa stesheni, walinzi wa njia na mafundi wa injini waliendelea kulipwa mishahara. Reli haiwezi kufanya kama mwenye Fuso, ambaye msimu ukiisha hulipeleka gari lake Songea au Dar es Salaam kutafuta riziki nyingine. Reli ikishalazwa chini imelala hapo.

Haikuwahi kujitegemea, na pengo lake lilizibwa na fedha za umma. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na shule, hospitali na barabara za kugharimia, na swali likawa iendelee kulipia treni hiyo kwa ajili ya nani. Jibu lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960: njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Yapo maoni kwamba uamuzi ulikuwa wa haraka, hasa kwa kuwa mikorosho iliongezeka sana baada ya hapo. Lakini hata korosho nyingi zisingebadilisha ule mwelekeo mmoja wa mzigo.

Hesabu ya mfano

Ili msomaji aone jinsi mtego unavyofanya kazi, tuchukue reli ya kubuni kati ya Masasi na Mtwara. Namba zote zilizo hapa ni za mfano tu.

Treni ya abiria ina mabehewa saba ya viti 80, yaani viti 560 kwenda na 560 kurudi. Kwa wastani wa mwaka nusu ya viti hujaa, hivyo tiketi 560 kwa siku kwa Sh 10,000 kila moja huleta Sh milioni 5.6. Mafuta, mishahara na matengenezo ya injini na mabehewa ni Sh milioni 8. Sehemu yake ya gharama ya njia ni Sh milioni 4. Jumla ni milioni 12, na upungufu ni Sh milioni 6.4 kwa siku. Kwa siku 365 pengo ni Sh bilioni 2.336.

Sasa treni ya korosho. Mabehewa 20 ya tani 40 hubeba tani 800. Kwa Sh 30,000 kwa tani mapato ni milioni 24. Gharama zote, pamoja na kurudi tupu, ni milioni 8, hivyo hubaki milioni 16. Treni moja kwa siku kwa siku 100 za msimu huacha Sh bilioni 1.6.

Ukitoa, pengo linabaki Sh milioni 736. Hazina inaweza kulivumilia na kuliita huduma ya jamii. Lakini wenye malori hawatakaa kutazama. Wakipunguza bei na kuchukua nusu ya korosho, faida ya mizigo inashuka hadi milioni 800 na pengo linapanda hadi Sh bilioni 1.536, zaidi ya mara mbili, bila abiria hata mmoja kuongezeka au kupungua. Na hapo bado tumeihurumia reli, maana tumechukulia kwamba gharama ya mizigo nayo hupungua nusu. Kwa kweli njia haijui kama imepitiwa na treni 100 au 50. Nyasi zake huota vilevile.

Kutokana na hayo, ruzuku ya abiria huamuliwa barabarani kuliko stesheni. Barabara kuu ya Mtwara, Mingoyo na Masasi ni ya lami. Ile ya uwandani, kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, iliingia katika mpango wa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila kilomita ya lami inayopatikana huko juu ni nafuu kwa mkulima na ni deni jipya kwa reli itakayokuja.

Mkulima mwenyewe ana haki ya kuangalia upande wake. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, gharama ya kusafirisha zao ni miongoni mwa makato yanayopunguza kile kinachomfikia. Mnunuzi kwenye mnada wa TANECU au MAMCU naye hupiga hesabu yake kuanzia bei ya melini kurudi nyuma hadi ghalani. Usafiri ukishuka kwa Sh 20 kwa kilo, kuna Sh 20 za kugawana. Atakayezipata ni yule mwenye nguvu siku ya mnada. Kwa hiyo si lazima reli ya ruzuku imnufaishe mkulima. Inaweza kuishia kumnufaisha msafirishaji wa nje ya nchi kwa fedha za mlipa kodi wa ndani.

Kubinafsisha hakukuziba pengo

Wapo wanaosema dawa ni kumpa mwekezaji. Dawa hiyo ilishanywewa. Baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, Tanzania iliunda TRC, na shirika hilo likaendelea kuchakaa mpaka mwaka 2007 lilipokodishwa kwa miaka 25. Kampuni mpya, TRL, ilimilikiwa asilimia 51 na RITES ya India na asilimia 49 na Serikali. Haikuchukua muda wafanyakazi wakagoma kudai mishahara, na Serikali ikatoa fedha za kulipa mishahara ya kampuni ambayo haikuwa tena na usemi mkubwa ndani yake. Mwaka 2011 ilirudisha hisa zote mikononi mwake. Sheria ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na kampuni ya kumiliki miundombinu ya reli na kurudisha jina la TRC. Kenya na Uganda zilipita njia hiyohiyo na Rift Valley Railways kuanzia mwaka 2006, mkataba ukavunjika mwaka 2017.

TAZARA nayo, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kufunguliwa mwaka 1976, ilibuniwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000, huku treni za abiria zikiendelea kusimama kwenye stesheni za Kilombero ambako watu wengi hawakuwa na usafiri mwingine wa kutegemea. Shaba ilipohamia kwenye malori ya Tunduma, abiria wa Mlimba alipoteza mfadhili wake bila kujua.

Kasoro iliyojirudia katika mikataba ya aina hii ni kumtaka mwekezaji abebe abiria kwa nauli ya Serikali bila kusema waziwazi nani hulipa tofauti. Uingereza ilikwepa ubishi huo kwa sheria ya mwaka 1968: treni ya abiria isiyolipa lakini yenye umuhimu kwa watu iliandikiwa fungu lake, kwa njia na kwa kiasi, na Bunge likajua linanunua nini. Japani ilichelewa. Shirika lake la reli la taifa lilipovunjwa mwaka 1987 liliacha madeni ya yeni trilioni 37, ambayo sehemu kubwa iliangukia kwa walipa kodi.

Mtu wa Newala hahitaji mifano ya mbali kiasi hicho. Amekulia kwenye uwanda usio na mito, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Anajua kuwa bei ya ndoo ni kitu kimoja na gharama ya kupandisha maji ni kitu kingine, na kwamba tofauti isipolipwa na mtu, bomba hukauka.

Mwekezaji mdogo asimame wapi

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ya takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi yake, haikukusudiwa kuishi kwa korosho. Tegemeo lake ni makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga wilayani Ludewa. Mkataba wa migodi hiyo kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina ulitiwa saini mwaka 2011, na miaka mingi ikapita bila mgodi. Mfanano na karanga za Nachingwea unatisha kidogo: reli moja, mzigo mmoja mkubwa, na mzigo wenyewe haujaonekana. Tofauti ni kwamba makaa na chuma vinajulikana viko ardhini, wakati karanga zilikuwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo anayefikiria kununua kiwanja Masasi kwa tumaini la stesheni atazame kwanza habari za migodi, kisha za reli. Siku mkataba wa reli utakapotangazwa, ukurasa wa kusoma si ule wa urefu wa njia na kasi ya treni. Ni ule unaosema nani amedhamini tani za mzigo kwa mwaka, na tani hizo zikikosekana nani analipa. Kama jibu ni Hazina, ni vema kukumbuka kwamba ahadi hiyo hushindana kila Juni na dawa, walimu na mishahara.

Hisa za TRC haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na shirika lenye hesabu za namna hiyo lisingepata wanunuzi wengi. Mwenye Sh milioni moja anayetaka kuikopesha Serikali inayojenga reli anaweza kufanya hivyo kupitia dhamana za Hazina zinazonadiwa na Benki Kuu, ambazo kima chake cha chini ni kiasi hicho. Hapo halipwi na treni, hulipwa na mlipa kodi, treni ijae au isijae. Mfano wa shirika la umma linalokopa kwa nguvu ya mapato yake upo: mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya miaka 10 ya Sh bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5. Ankara za maji hulipwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na ndiyo maana wanunuzi walijitokeza. Reli ya msimu wa korosho haina ankara ya Aprili.

Wenye malori nao wana hesabu yao. Lori jipya la mkopo kwa kawaida hutakiwa kulipiwa ndani ya miaka michache, na reli ya kilomita 1,000 haijengwi kwa muda huo hata ikianza kesho. Anayebeba korosho kati ya Newala na bandari ya Mtwara hana sababu ya kuiogopa treni katika mkopo huu. Cha kumnyima usingizi ni lami ya Mnivata hadi Masasi: ikikamilika, gari la mtu wa Dar es Salaam ambalo lilikuwa likikwepa vumbi na mashimo ya uwandani litafika ghala la Newala siku moja na la kwake.